Kikohozi Kilichofutwa Kwenye Nyimbo

Kisa hiki ni kifupi. Ukikimaliza, mpelekee mtu anayeishi na mzazi wake.

Yaredi aliishi Mpwapwa katika nyumba ya baba yake, Mzee Chilewa, mtu mpole aliyeshona viatu barazani. Kijana alijaliwa sauti, na prodyuza mmoja wa Dodoma alikuwa amemwambia amletee demo sita za nyimbo zake zilizorekodiwa vizuri, ndipo waongee kazi.

Studio yake ilikuwa chumba chake cha kulala: maikrofoni moja, kompyuta ya mtumba na magodoro mawili aliyoyaegemeza ukutani kuzuia kelele. Lakini nyumba yenyewe haikujua kunyamaza. Dada yake, Mwaja, alitwanga karanga za biashara, wanawe watatu waligombana tangu asubuhi, na mabati yalilia kila upepo ulipovuma. Yote hayo Yaredi aliyazoea. Kilichomshinda ni kikohozi cha baba yake.

Kilikuja bila hodi, hasa akifika kwenye kiitikio. Alirudia wimbo mara tano, mara nane. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akafungua mlango.

"Baba, nakuomba. Kila nikirekodi unaniharibia."

Mzee hakukasirika. Alimwomba radhi mwanawe. Tangu siku ile, kila aliposikia mlango wa chumba unafungwa, alibeba kigoda chake akaenda kukaa nyuma ya banda la kuku, na kifua kikimbana alijiziba mdomo kwa kitambaa. Mwaja alipomuuliza anafanya nini huko, alijibu kwamba anaota jua.

Hata hivyo kikohozi kilipenya. Yaredi akawa fundi wa kukifuta. Alivaa visikilizio, akakitafuta sekunde kwa sekunde na kukikata. Alikijua kuliko mtu yeyote: kilipokuwa kikavu, kilipogeuka kizito, kilipoanza kufuatiwa na pumzi yenye mluzi.

Demo zikakamilika. Prodyuza alizisifu, akampangia tarehe ya kuingia studio. Wiki hiyohiyo Mzee Chilewa alianguka barazani, kiatu cha mteja kikiwa mkononi. Wakamkimbiza hospitali.

Daktari alisema ni kifua kikuu, na kwamba pafu moja lilikuwa limekwisha kabisa, la pili limeanza kuliwa. Akauliza mzee amekohoa kwa muda gani.

Mwaja alikisia wiki tatu. Katika kelele za nyumba ile hakuwahi kukizingatia kikohozi, na baba yao hakuwa mtu wa kulalamika. Yaredi akatoa simu, ambamo alikuwa amehifadhi nakala za rekodi zote kabla ya kuzisafisha, kila moja na tarehe yake. Ya kwanza yenye kikohozi ilikuwa ya Februari. Sasa ulikuwa mwezi wa Septemba.

Daktari aliipitia ile orodha tarehe kwa tarehe.

"Mngemleta Machi," alisema, "angekunywa dawa miezi sita, akapona."

Walipobaki wawili, Yaredi alikaa kando ya kitanda akamweleza baba yake kila kitu: kwamba alikisikia miezi yote ile, akakifuta, na hakuuliza hata siku moja.

"Usijilaumu, mwanangu," Mzee alisema kwa shida. "Nilijua kinakuharibia kazi. Nilikuwa najitahidi kisitoke."

Maneno hayo yalimchoma kuliko lawama yoyote. Mzee Chilewa hakuimaliza wiki ya pili hospitalini. Tarehe ya studio ilimkuta Yaredi matangani.

Prodyuza alimvumilia, akampa tarehe nyingine. Wimbo ukatoka, na watu wakausifu kwa jinsi sauti ilivyo safi. Ukipigwa mahali, Yaredi huinuka akaondoka.

Funzo: Kinachokukera kwa mtu wa nyumbani mwako huenda ndicho kinachomuumiza. Kabla hujamwambia anyamaze, muulize ana nini.