Mitende ya Kiume ya Mudrik

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika kijiji kimoja cha mitende, safari ya siku tatu kutoka Basra, waliishi majirani wawili wacha Mungu, waliopendana na kubishana kila siku. Mudrik alishikilia kwamba mja hufanikiwa akiachiwa chake akishughulikie mwenyewe. Shaddad alishikilia kwamba mali ikiwa ya wote, hakuna atakayelala na njaa. Walianza mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Alasiri, na wake zao walikuwa wamezoea kuchelewa kupika.

Shamba la kijiji lilikuwa la wote tangu enzi za babu zao. Lakini mitende ya mbali haikuhudumiwa, kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake ameshakwenda. Mwishowe wakakubaliana kugawana. Walihesabu kwa makini mitende yote inayozaa, wakaisahau minne ya kiume iliyosimama kwenye mawe. Kipande kile cha mawe kiliongezwa kwenye fungu la Mudrik, lililokuwa dogo, na hakuna aliyesema neno.

Majira ya maua yakafika. Mtende jike hauzai vyema mpaka mtu aukwee na kufunga kati ya maua yake kishada cha maua ya kiume, na siku za kazi hiyo ni chache. Hapo kijiji kizima kikageuza macho kuelekea kwenye mawe ya Mudrik.

Mfanyabiashara mmoja akamjia. "Ewe Mudrik, niachie vishada vyote. Atakayevitaka atalipa robo ya mavuno yake, na robo hiyo tutagawana nusu kwa nusu. Ni mali yako, hujaiba."

Mudrik akaomba apewe muda hadi kesho. Mkewe, Lubaba, alikuwa ameitamani Hija kwa miaka kumi na miwili, na mali ile ingewafikisha Makka wote wawili. Akaenda kumweleza.

Lubaba hakuacha kukanda unga. "Siku ya kugawana," akauliza, "kama wangeikumbuka mitende hiyo, wangekupa yote minne?"

"Hapana."

"Basi mimi sitaki kuizunguka Al-Kaaba kwa usahaulifu wa majirani zangu."

Asubuhi Mudrik aliviweka vishada mlangoni mwa msikiti. "Enyi jamaa, mlisahau, nami nikanyamaza. Hii minne ni ya wote. Ila kila mtu akwee mitende yake."

Shaddad akacheka. "Alhamdulillahi, leo umekuwa mwanafunzi wangu."

"Na Bibi Unaysa je?" akauliza Mudrik. Unaysa alikuwa mjane mwenye mitende tisa na mguu mbovu. "Tukisema mitende yake ni kazi ya wote, mwisho wake unaujua."

Shaddad alikuwa mzito wa mwili na mwoga wa kwenda juu. Akakaza mshipi. "Nitakwea mimi. Peke yangu."

Akaikwea yote tisa, macho ameyafumba, akisoma dua kwa sauti iliyofika sokoni.

"Fumbua macho, Shaddad," Unaysa akamwambia kutoka chini. "Unafunga maua au unafunga kilemba chako?"

Mavuno yalipoingia, Unaysa alitangulia kumpelekea Lubaba kapu la tende, bila kuombwa. Wengine wakafuata, na kwa bei ya tende hizo Mudrik na mkewe wakahiji mwaka uliofuata.

Kabla ya kuondoka, Lubaba aliwaambia wale wawili, "Anayetaka kila mtu awe na chake ndiye aliyewapa wote. Anayetaka mali iwe ya wote ndiye aliyefanya kazi peke yake. Sijui sasa mtabishania nini."

Ilipofika Alasiri walikuwa wameshapata la kubishania.

Lubaba alitangulia mbele ya haki miaka mingi kabla ya mumewe. Kila msimu wa maua Mudrik aliendelea kuviweka vishada pale mlangoni, na akiulizwa ni vya nani, husema ni vya Lubaba.

Ndugu zangu, mitende ile ilizaa kwa kuwa kila mmoja alikuwa na yake, na kwa kuwa ile minne haikuwa ya mmoja. Lakini kabla ya hayo yote kuna mtu aliyeulizwa swali nyumbani kwake, akajibu kwa ukweli, "Hapana." Allah awarehemu.