Fimbo ya Mgeni Asiyetaja Baba

Sikilizeni niwatajie waliokuwapo. Alikuwapo Mwanakombo binti Semndili, kipofu tangu utotoni. Alikuwapo kaka yake, Mhando, aliyemwongoza kila asubuhi kwenda kisimani. Na alikuwapo mgeni aliyejiita Jumaa, ambaye jina la baba yake hakulitaja.

Mgeni alileta fimbo. "Humwongoza kipofu yenyewe," alisema. "Ni msaada, silipwi."

Mwanakombo akaishika. "Nipeleke kisimani." Fimbo ikamvuta kuelekea msituni. "Nipeleke kwa shangazi." Ikamvuta msituni. "Nirudishe nyumbani." Ikamvuta msituni, naye akaitupa.

"Kaka, fimbo hii ina safari yake."

"Huna shukrani. Umezoea kunichosha tu," Mhando akacheka. "Tazama, nafumba macho, na kisimani nitafika kabla yako."

Akaiokota, akaenda. Macho aliyoyafumba hayakufumbuka tena.

"Kisima kiko nyuma yako, kaka. Nasikia ndoo."

Mgeni akaaga kwa adabu, akamfuata Mhando msituni.

Mwanakombo aliufuata mlio wa ndoo mpaka kisimani, akawaita watu. Msituni walikuta chungu cha zimwi kingali cha moto, na ile fimbo ya mgeni kando yake. Mhando bin Semndili alikufa siku ile.