Hodi kwenye Banda la Mbuzi

Sogeeni, na mwenye kitu mdomoni ameze kwanza, maana haya yanatia kichefuchefu na sitaki mtu aje kunilaumu.

Katika mji mmoja wa milimani waliishi watu watatu wenye vipawa. Shekalaghe alikuwa na kipawa cha kuonekana mwema. Bi Mashavu, jirani yake, alijaliwa kuona yasiyomhusu. Kidundo alijaliwa vidole: kufuli lililowashinda mafundi, yeye alilifungua kwa waya wa mwavuli. Na katikati yao alikuwepo Sikudhani, mjane wa mdogo wake Shekalaghe, ambaye mali yake yote ilikuwa cherehani moja.

Arobaini ya mumewe haijafika, Shekalaghe alimtoa nyumbani akamtia kwenye banda la mbuzi nyuma ya uwanja. Mbuzi wenyewe walihamishiwa penye bati jipya. "Shemeji, si umepata kwako?" alimwambia mbele za watu, na watu wakamsifu kwa ukarimu. Sikudhani akazoa kinyesi, akakandika udongo, na bado harufu ya beberu ilimpanda puani hadi akatapika. Lakini zile sifa zilimnukia vibaya kuliko beberu.

Baadaye Shekalaghe akaleta mlango. Mlango wa mninga, na kufuli lake! Sikudhani akadhani utu umemrudia shemeji. Kumbe wageni wa posa ya binti yake walikuwa njiani, na hakutaka wamwone mjane akikoka moto mahali pa mbuzi. Mlango ule ulikuwa wa kumfichia.

Bi Mashavu naye alikuja kila asubuhi. Alisimama nje, akapiga hodi, akangoja akaribishwe ndipo ainame kuingia, hata mvua ikinyesha. Hakuna mwingine aliyempa Sikudhani heshima hiyo, naye Sikudhani alifurahi mpaka aliposikia yanayosemwa mjini. Bi Mashavu akitoka pale alipita mlango kwa mlango akisimulia kilichomo chunguni mwa mjane na jinsi mjane anavyonuka. Ptuu!

Kidundo alikuja mara moja tu, Sikudhani alipokwenda kuteka maji. Alifungua kufuli, akabeba cherehani, akakamatwa akiinadi.

Sheria ya mji ule ilikuwa hivi. Kilichoibwa ndani ya nyumba hurudi kwa anayeishi humo, na mwizi hufungwa. Kilichoibwa bandani ni cha mwenye banda, na mwizi huchapwa kidogo akaenda zake. Basi Shekalaghe akasimama mbele ya hakimu, kanzu imenyooka, akasema pale ni banda la mbuzi tangu enzi za baba yake, kwa hiyo cherehani ni yake. Mdomo ule ule uliosema umepata kwako! Mate yalimjaa Sikudhani mdomoni, akayameza kwa heshima ya baraza.

Hakimu akauliza kama pana mlango. Shekalaghe akakiri shingo upande, maana wote walimwona akiuleta. Hakimu akauliza tena kama watu huingia tu. Bi Mashavu, asiyeweza kukaa na jambo, akasema yeye hajawahi kuingia bila hodi. Hakimu hakutosheka: mlango hata ghala linao, na jirani anaweza kupendelea. Akamgeukia Kidundo, aliyekuwa anatabasamu kwa jinsi neno banda lilivyokuwa likimwokoa, akamtaka aeleze alivyoingia.

"Nilipiga hodi, kimya," akasema Kidundo. "Nikapiga tena. Ya tatu ndipo nikafungua."

Kisha akajishika mdomo.

"Hodi ulimpigia nani?" hakimu akauliza. "Mbuzi?"

Ikaamuliwa kwamba pale ni nyumba. Kidundo akafungwa kamba, na cherehani ikawekwa mbele ya Sikudhani.

Lakini desturi yao haimwachii mshindi aondoke hivi hivi. Sharti amtunuku mmoja, mmoja tu, aliyempa ushindi, hapo hapo mbele ya watu, la sivyo hukumu hutenguka. Sikudhani hakuwa na kitu cha kutunuku ila kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda ya mumewe. Kilitosha shati moja, la kupimwa na kushonwa pale pale.

Shekalaghe akatanua kifua: bila mlango wake, hodi ingepigwa wapi? Bi Mashavu akadai kwamba hodi zake za kila siku ndizo zilizoufundisha mji kuwa mle mna mtu. Kidundo akainua mikono yenye kamba. "Mama," akasema, "mimi neno langu limenifunga."

Sikudhani ameshika futi ya kupimia. Wote watatu wanamtia kinyaa, na kumpima mtu kifua sharti umzungushie mikono kama unayemkumbatia. Hakimu anangoja, cherehani inangoja. Haya, wewe unayejifuta mdomo hapo: ungemzungushia nani?