Joho la Kiboko Lililopigwa Bandi

"Paukwa."

"Pakawa."

"Paukwa mkasi."

"Pakawa kitambaa."

"Paukwa mwongo."

"Pakawa wewe."

Haya, mimi, nimekubali. Basi kaeni vizuri, na huyo anayetafuna muwa kule nyuma atafune polepole, nataka kusikika.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na bendi zao, alikuwako fundi cherehani mmoja mdogo, mwenye miiba mgongoni, jina lake Bi Karunguyeye. Huyu hakushona sare za shule wala mashuka. Alishona mavazi ya jukwaani tu. Ukimwona Kima anapiga gitaa amevaa suruali pana kama mwavuli, vioo vinawaka magotini, jua ni mkono wa Bi Karunguyeye. Ukimwona Korongo na tarumbeta lake, shingo yote lesi tupu, jua ni mkono wa Bi Karunguyeye. Ukimwona Kobe kwenye ngoma, gamba limevishwa hariri nyekundu, mkono ni huo huo. Cherehani yake ililia cherere-cherere kutwa nzima, na ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe.

Na msitu ule ulikuwa na desturi yake. Siku ya tamasha, asiye na vazi jipya hakanyagi jukwaa. Awe na sauti tamu namna gani, hakanyagi.

Sasa mwimbaji wa bendi yao alikuwa Kiboko. Sauti anayo, siwezi kumsingizia. Lakini roho yake, jamani. Akiimba, watu wakatazama vioo vya Kima, tumbo linamuuma. Tamasha lilipokaribia akaenda kwa fundi, du, du, du, vikombe vikacheza kabatini.

"Bi Karunguyeye, safari hii unanishonea mimi peke yangu."

"Na wenzako, bwana?"

"Watapiga nyuma ya pazia. Vitambaa vyote vilivyomo humu niwekee mimi."

"Lakini Kima ameshaleta cha kwake, bwana. Korongo na Kobe pia."

"Vyote. Na ili usinichezee, cherehani hii naondoka nayo."

Akaitia kwapani kama kikapu cha mboga, akaenda kuifungia chumbani kwake.

Bi Karunguyeye alilia, nawaambia kweli. Fundi asiye na cherehani atawaambia nini wanawe jioni wakiuliza chakula? Alilia mpaka makamasi yakamtoka. Kisha akajifuta, akapeleka mkono mgongoni, akachomoa mwiba mmoja. Sindano hiyo. Akatunga uzi, akaanza kupiga bandi, ule mshono wa mkono wa hatua ndefu ndefu, wa kushikiza nguo kabla haijapita kwenye cherehani. Huku anaimba:

*Bandi, bandi, cherehani imekwenda,*
*bandi, bandi, mwenye nayo nampenda.*

Kiboko akaja kujaribu. Joho limefika miguuni, shanga tele.

"Ongeza," akasema.

Fundi akaongeza vioo vya Kima. *Bandi, bandi, cherehani imekwenda.* Kiboko akaja tena.

"Ongeza."

Fundi akaongeza lesi ya Korongo na hariri ya Kobe. *Bandi, bandi, mwenye nayo nampenda.* Kiboko akaja tena, akajigeuza, akajitazama makalio.

"Ongeza, bibie. Huku nyuma pafupi."

"Nikiongeza hapo, bwana, utakuwa mkia wa kuburura matopeni. Utataka wabebaji."

"Si wapo hao wapiga vyombo?"

"Mikono yao ina vyombo, bwana. Labda wauvae. Niache matundu ya vichwa na mikono, kila mmoja kwenye kipande chake, wakufuate nyuma."

Kiboko akacheka mpaka masikio yakacheza. Kima na vioo vyake awe mbeba mkia. Yaani aliuonja utamu huo mdomoni kabisa.

"Acha matundu," akasema. "Na uongeze."

"Nimeongeza, bwana. Ila hii ni bandi tu, haishiki. Nirudishie cherehani nikupigie mshono wa kweli."

"Ili uwashonee wengine? Mimi si mjinga. Itashika."

"Haya, bwana. Mwenye joho ni wewe."

Siku ya tamasha, msitu mzima ulifurika uwanjani. Kiboko akapanda jukwaani, joho linameremeta, mkia mrefu nyuma, na katika mkia vimechomoza vichwa vya Kima, Korongo na Kobe, kila mmoja na chombo chake. Watu wakapiga makofi. Kiboko akayapokea yote peke yake, akafumba macho, akaanza kuimba.

Bi Karunguyeye alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa, ncha ya uzi iko kidoleni. Kiboko alipovuta pumzi ya ule ubeti wa juu, fundi akavuta na yeye.

Tri-tri-tri-triiiii.

Mkia ukaachana vipande vipande. Kima akabaki na joho lake la vioo, jipya. Korongo akabaki na la lesi, jipya. Kobe na hariri yake, jipya. Uzi ukaendelea mbele, ukapanda mgongoni, ukashuka kifuani, tri-tri-tri, na Kiboko akabaki na kola.

Kola peke yake, na tumbo lile.

"Bwana mkubwa," watu wakamwambia, "desturi unaijua. Shuka."

Akashuka mbio kwa fundi. "Shona upesi!"

"Nishone na nini, bwana?"

Hapo Kiboko alikimbia, wenzangu, na kile kikola chake, akarudi na cherehani kichwani, akaiweka chini taratibu kama yai.

Bi Karunguyeye akaipangusa vumbi, akalizungusha gurudumu, ikalia cherere. Machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Ahsante, bwana. Sasa kajifiche mtoni, watu wasikuone hivyo. Likiwa tayari nitakuita."

Kiboko akazama, akaacha pua na masikio tu. Huku jukwaani bendi inapiga, vioo vinawaka, msitu unacheza mpaka vumbi juu. Ubeti ulipokwisha, pua ikapanda kidogo.

"Fundi, tayari?"

"Bado vifungo tu, bwana. Njoo kesho."

Na mpaka leo yumo majini. Kila siku anauliza, na kila siku anajibiwa kwa adabu.

Hadithi imefika pindoni, uzi nimeukata kwa meno. Funzo lake ni kwamba fundi ni mtu wa ahadi, msimharakishe. Mimi mwenyewe gauni langu la harusi ya mdogo wangu bado liko kwa fundi. Harusi imepita, mtoto wao anaota meno. Jana nimepitia pale, ameniambia vimebaki vifungo, na mimi namwamini.