Mshubiri wa Bi Siwatu

Paukwa!
Pakawa!
Vizuri. Hata yule aliyekuwa akikoroma ameitika.

Hapo zamani za kale, katika mji mkavu ambao mvua yake ilikuja mara moja kwa mwaka na kuondoka bila kuaga, aliishi mjane aitwaye Siwatu. Siwatu alikuwa na huruma. Huruma hiyo, jamani! Kuku wake walikufa kwa kulishwa. Mbuzi wake alikufa kwa kulishwa. Binti zake watatu waliolewa mbali, tena mbali sana, na kila mmoja aliapa kuwa ni bahati tu imetokea.

Siku moja wifi yake Mize, dada wa marehemu mumewe, alifika na chungu mikononi. Ndani yake alikaa Mshubiri, amenenepa majani, miiba yake imesimama.

"Wifi," alisema Mize, "nakwenda kumuuguza shangazi, miezi sita. Nakuachia Mshubiri wa marehemu mama. Muweke dirishani penye mwanga. Maji umpe mchanga ukikauka mpaka chini. Mengine, mwache."

"Nimwache?" Siwatu alishika kifua. "Mimi nina moyo, wifi yangu."

"Najua," alisema Mize, akaondoka haraka.

Hata vumbi la Mize halijatua, Siwatu alimmiminia Mshubiri kata ya maji.

"Ahsante, mama," alisema Mshubiri. "Nimeshiba. Tuonane mwezi ujao."

"Maskini, ana haya!" alisema Siwatu, akammiminia ya pili.

Kesho yake aliona jua limempiga mgeni. Akamtoa dirishani, akamficha nyuma ya mtungi, penye giza na ubaridi. Akaona pia chungu kina tundu chini, maji yanavuja. Alisikitika sana kugundua kwamba wifi yake ni mzembe kiasi hicho. Akaliziba kwa udongo wa mfinyanzi.

"Nimeshiba, mama," alisema Mshubiri.

Siwatu akaongeza kata.

Mjusi aliyekuwa ukutani alishindwa kunyamaza. "Bi Siwatu, huyo kwao ni jangwani. Unamfundisha kuogelea?"

"Wewe unajua nini kuhusu malezi?"

"Sijui kitu. Watoto wangu niliwaacha wakiwa mayai, na wote wazima."

Wiki ya tatu majani yakawa ya manjano, yakalegea kama masikio ya punda. Mtu mwingine angejiuliza. Siwatu hakuwa na muda wa kujiuliza, alikuwa anakoroga uji. Akammwagia bakuli zima, la mtama, lenye sukari.

"Nimeshiba, mama," alisema Mshubiri, safari hii kwa sauti ndogo.

Asubuhi moja alishika jani, likabaki mkononi. Harufu ya uozo ikapanda. Siwatu akakaa chini. Mti wa mama mkwe! Atamwambia nini Mize?

"Mshubiri, mwanangu, unakufa?"

"Ninazama, mama."

"Lakini nimekupa kila kitu!"

"Ndiyo sababu. Nilisema nimeshiba mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukafanyaje?"

Siwatu aliinamisha kichwa. "Nikaongeza."

Papo hapo alimkumbuka binti yake mdogo, Subira, akisukuma sahani na kusema maneno hayohayo kwa sauti hiyohiyo. Machozi yakamtoka.

"Usinililie juu, tafadhali," alisema Mshubiri. "Nayo ni maji. Shika kisu. Ukate sehemu yote iliyooza, ukibakisha kichwa changu kizima. Nilaze kivulini, pakavu, siku saba, kidonda kifunge. Kisha nipande kwenye mchanga na kokoto, zibua tundu, nirudishe dirishani."

"Halafu?"

"Halafu ukae."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukae."

Akashika kisu, akakata. Kikabaki kichwa cha ukubwa wa ngumi. Alikilaza siku saba, akakipanda. Kisha ikaanza kazi ngumu kuliko kulima: kutofanya kitu. Mara alijikuta ameshika kata. Mara alijikuta yuko dirishani, kata imejaa.

"Bi Siwatu," aliita Mjusi, "unakwenda wapi na bahari hiyo?"

Mwishowe alimpa jirani ile kata, akachukua ukili, akasuka mikeka. Wiki zikapita. Alipochimba mchanga kwa kidole akaukuta mkavu mpaka chini, alimpa Mshubiri maji kidogo, akarudi kwenye ukili wake. Mshubiri akatoa jani jipya, gumu, lenye miiba.

Miezi sita ilipotimia, Mize alirudi.

"Wifi, niliacha jogoo, nakuta kifaranga!"

Siwatu angeweza kusingizia panya. Alisema kweli. "Nilimzamisha, wifi. Mti wa mama. Aliniambia ameshiba, sikumsikia. Nisamehe."

Mize akacheka mpaka akashika ukuta. "Wifi yangu, kabla ya safari niling'oa machipukizi yake saba, nikayagawa kwa majirani. Huyu nilikuachia nikijua ninamzika. Kumkuta hai, hilo ndilo sikulitarajia!"

Siwatu alinuna. Akacheka naye.

"Basi niachie," alisema.

Mize alimtazama kwa wasiwasi. "Na maji?"

"Mwezi ujao, nikikumbuka. Kesho nakwenda kumwona Subira."

"Unambebea nini?"

"Mkeka mmoja," alisema Siwatu. "Na nitakula atakachopika yeye."

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu kama shubiri, basi imewafikia waliokusudiwa.