Programu Isiyokemea

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Waliotuachia maneno haya walikuwa wakilea watoto, lakini Zuhra Abdulrahmani, ambaye hakuwa na mtoto hata mmoja, aliyaelewa akiwa mbele ya kompyuta mjini Kasulu.

Zuhra alisimamia takwimu za maji katika shirika dogo. Alitakiwa kuandaa katalogi ya takwimu za visima vya Kasulu na Kibondo, katika faili za XML, maandishi ya kompyuta yenye muundo maalumu, iwafikie wafadhili kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Kijiji kisichoonekana katika katalogi kisingechimbiwa kisima. Katika kijiji cha Titye, Mama Josephina wa kamati ya maji alikuwa amekwisha kuwaambia akina mama wavumilie maji ya bondeni msimu huu tu.

Programu za kuandikia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilizijua kanuni za muundo wa katalogi. Ukikosea, inapiga mstari mwekundu na kukugomea mpaka urekebishe. Ya pili ilikuwa pole kama kondoo, ikipokea lolote na kunyamaza.

Laurent na Yusta, wasaidizi wake, waliijaribu ile ya kwanza asubuhi moja tu, wakanuna.

"Dada Zuhra, hii inanifokea kama mama wa kambo," Yusta alilalamika, machozi yakimlengalenga. "Kila nikigusa, nyekundu!"

"Inatudharau," Laurent akadakia. "Mtu anajua kazi yake, bwana."

Zuhra alijua fika ipi iliyofaa. Lakini Mungu alimpa moyo laini kama ugali wa muhogo; mtu akinuna mbele yake, yeye ndiye anayeugua.

"Haya, tumieni hiyo nyingine," alisema. "Sitaki ugomvi ofisini."

Vicheko vikarudi, na kazi ikateremka kama maji mlimani. Zuhra alipochungulia, alikuta Yusta ameandika kwenye nafasi ya tarehe, "baada ya kuvuna maharage." Laurent naye, palipotakiwa vipimo vya ramani, ameandika, "jirani na kwa mzee Ntirampeba." Zuhra alifumbua kinywa awakosoe, akawaona walivyochangamka, akakifumba. Alirekebisha mwenyewe machache aliyoyaona, hofu ikimtafuna.

Ijumaa walituma katalogi dakika za mwisho. Jibu likaja: katalogi yote imekataliwa, muundo wake una makosa, na muda umekwisha. Zuhra akakiri kuwa tangu mwanzo alijua programu ya kwanza ndiyo iliyofaa.

"Kumbe ulijua, dada?" Yusta aliuliza kwa mshangao. "Sasa mbona hukutulazimisha? Tungenuna siku mbili, yakaisha."

Simu ya Zuhra ikaita.

"Mwakeye, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Mama Josephina akisalimu kwa Kiha, imejaa furaha. "Akina mama wananiuliza. Wachimbaji wanakuja lini?"

Zuhra alijaribu kusema, akaishia kulia kama mtoto huku Laurent na Yusta wakimtazama kwa macho makavu. Ama kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.