Farasi wa Tisa

Mbachao ni mkeka wako mkuukuu. Msala upitao ni ule mzuri unaouona kwapani mwa mtu mwingine, ukautamani hadi ukasahau unalalia nini. Fundi cherehani wetu aliijua methali hiyo tangu shule, na haikumsaidia hata kidogo.

Alikuwa na mapenzi mawili: cherehani yake na mbio za farasi. Kwa miaka tisa farasi wake, Babu, alimletea vikombe mpaka rafu ya vitambaa ikakosa nafasi. Kisha goti la mbele likaanza kuvimba, na Babu akawa anafika mwisho wakati watazamaji wanatafuta njia ya kwenda kwao. Fundi akanunua farasi kijana, mweusi ti, akamwita Radi. Tangu hapo Babu akawa mzigo.

"Anakula bure," fundi alimwambia mkewe, huku akipinda suruali ya mteja. "Nitampa mtu wa maji."

Mtu wa maji ndiye aliyemwagilia kiwanja cha mbio ili vumbi litulie, kwa mkokoteni wenye pipa kubwa.

"Baba watoto, goti lile livute pipa?" mkewe aliuliza. Yeye ndiye aliyewalisha farasi kila asubuhi, na aliwajua. "Tena huyo Radi wako hali mpaka Babu aanze. Hata mlangoni hatoki mpaka Babu atangulie."

"Mke wangu, farasi si bwana harusi. Hahitaji wapambe."

Siku Babu alipochukuliwa, mke alimfunga goti kwa kitambaa chekundu alichokata kwenye suti ya mteja, akaingia ndani kulia. Radi akaususia mtama wake wiki nzima. Fundi akasema anapunguza tumbo ili akimbie vizuri.

Siku ya mbio, fundi alivaa koti jipya, akawaambia majirani wote waje waone radi ikipiga mchana. Kengele ikalia. Farasi saba wakachomoka, wa nane akasimama kama kigingi. Mpanda farasi akambembeleza, akamtisha, akamwomba. Radi akageuza shingo huku na huku, akalia kwa uchungu.

"Jirani," mmoja akamuuliza fundi kwa upole, "huyu ni wa kukimbia au wa kupigia picha?"

Kando ya kiwanja Babu alikuwa amefungwa kwenye mkokoteni. Kengele ile aliitii miaka tisa, na sauti ile aliifahamu. Akaruka na pipa lake, akaingia uwanjani akichechemea mbio, maji yakiwaosha watu na nguo zao nzuri. Mtu wa maji akamfuata akiwa ameshika kifuniko. Radi alipomwona, akatimua mbio nyuma yake, ila kumpita mzee hakuthubutu. Babu akamaliza wa nane. Katika mbio za farasi wanane, Radi akashika nafasi ya tisa.

Watu walikuwa bado wanacheka Babu alipoanguka. Fundi akampita Radi bila kumtazama, akapiga magoti. Kitambaa chekundu kilikuwa kimelowa damu.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya majirani aliowaalika mwenyewe.

Mtu wa maji akafika, anahema. "Mchukue, simtaki tena. Lakini mbio bado tatu, na vumbi ndilo hilo. Pipa atavuta nani?"

Fundi akamtazama mkewe, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kwa watazamaji. Mke alikuwa ameshafungua mkanda wa mkokoteni, anampima mumewe mabegani.

"Vua koti," alisema. "Hapa panabana kidogo."

Jioni hiyo Babu alilala kivulini kando ya kiwanja, goti likikandwa kwa maji baridi. Alipong'ata mtama, Radi naye akainamisha kichwa akala. Fundi alipita na pipa lake mara ya sita, jasho likimtiririka.

"Unasemaje, baba watoto?" mkewe akamuuliza.

Fundi akatua kidogo, akavuta pumzi, akajibu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa: "Usiache mbachao kwa msala upitao."